Kwa Nini Osundwa Alilala Ameketi

Trekta za miwa zilipita kijijini Shianda tangu asubuhi. Osundwa alizitazama akiwa kitini. Zamani alikuwa mkata miwa hodari. Sasa alikuwa ametoka Nairobi, ambako madaktari walimpasua kifua na kutengeneza moyo wake.

Kidonda kilipona vizuri. Lakini akilala chali, pumzi ilikatika. Kwa hiyo alilala ameketi kwenye kiti hicho, kama mtu anayekesha matanga.

Mama yake, Navalayo, alimfunga leso kutoka kifuani hadi tumboni, akaikaza.

"Mwanamke akizaa tunamfunga tumbo, naye anapona," alisema. "Wewe ulifunguliwa. Lazima ufungwe."

"Mama, hii leso inanimaliza."

"Nyamaza. Hata ukinyonya ulikuwa unalia."

Khalayi, mke wa Osundwa, hakucheka. Aliona midomo ya mumewe inageuka rangi. Akakimbia kumwita jirani yao Beldina, muuguzi wa zahanati.

Beldina aliifungua leso. Akaweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa.

"Vuta pumzi."

Tumbo halikuinuka. Liliingia ndani.

"Mama, njoo uone," Beldina alisema. "Chini ya mapafu kuna msuli mpana, umewambwa kama ngozi ya ngoma. Unaitwa kiwambo. Huo ndio unaovuta pumzi. Mshipa wa fahamu unaouamuru hupita karibu na moyo, na wakati wa upasuaji unaweza kuumia. Nadhani kiwambo chake kimelegea. Apelekwe hospitali leo, apigwe picha ya kifua."

"Hospitali tena? Wamemkata vya kutosha!"

"Mama, pumzi haingojei."

Navalayo alikuwa amemzika mume, akawazika na watoto wawili. Akachukua kitambaa chake cha kichwa.

"Twendeni," alisema.

Picha ilionyesha kwamba kiwambo cha upande wa kushoto kilikuwa kimepanda juu. Daktari hakumkata. Alimfundisha kupumua polepole kwa tumbo, kuegemea mito akilala, na kula kidogo kidogo.

"Mshipa huu mara nyingi hupona, lakini polepole," alisema. "Msikose kumrudisha nimwangalie. Na akizidiwa, mleteni mara moja."

Ile leso ilikunjwa ikawa mto mdogo. Osundwa aliukumbatia kifuani kila alipokohoa, ili kifua kisimuume.

Miezi ikapita. Mchana mmoja Navalayo alikuta kiti kitupu. Osundwa alikuwa amelala chali mkekani, kimya.

"Osundwa! Uwi, mwanangu!"

"Mama, si uniache nilale," alijibu bila kufungua macho.

Navalayo alipiga magoti kando yake. Tumbo lilipanda, likashuka. Likapanda tena. Akamshukuru Mungu aliyempa pumzi.

Kisha akakibeba kile kiti, akakitoa nje.