Piko Ndani ya Hina ya Bibi

Kila Jumapili, mikate ya uwele ikishaiva, Bibi Dhapu huloweka hina kwa chai ya rangi kwenye karai la chuma. Hapa mjini kwetu Sojat majani ya hina tunayasaga na kuyachekecha wenyewe, na majirani hawaamini hina nyingine ila ya bibi yangu. Tatizo moja tu: akijipaka, mvi zake hutoka na rangi ya machungwa, na anayechekwa ni mimi.

"Hansa, Jumatatu bibi yako anakuja kwenye mkutano wa wazazi?" Bhavri aliniuliza darasani. "Mwambie ajitande ushungi, mbuzi wasije wakadhani ni karoti!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili ile nikanunua pakiti ya unga wa piko, ile rangi nyeusi ya dukani. Bibi alipokwenda kuchota maji, nikaumimina wote karaini, nikakoroga. Akajipaka, akaosha, nywele zikawa nyeusi ti!

"Loo! Hina ya mwaka huu ina nguvu," akasema akijitazama kiooni. Mimi nikaificha pakiti tupu.

Asubuhi niliamshwa na ukelele wa mama. Uso wa Bibi ulikuwa umeumuka, macho yamefumba, na kichwani ametokwa na malengelenge. Tukamkimbiza zahanati.

"Mmempaka nini?" muuguzi akauliza.

"Hina tu, binti yangu," Bibi akajibu. Kisha akamgeukia baba. "Mwanangu, nenda kayamwage magunia yote ya hina. Na jirani yetu, mama yake Sugna, mwambie asimpake binti yake hina yangu kwa harusi. Miaka arobaini sijamdhuru mtu. Basi, sitengenezi tena."

Machozi yakapenya kwenye kope zake zilizovimba. Baba akainuka. Mimi aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka.

"Baba, usiende! Hina haina kosa. Ni mimi niliyetia piko. Nilikuwa namwonea Bibi haya."

"Hee! Hansa!" Mama akashika kinywa. Sikuthubutu kumtazama mtu.

"Umefanya vibaya sana," muuguzi akasema, "lakini afadhali umesema, sasa najua ninachokitibu. Piko ina dawa kali, wengine huwaunguza. Hina safi haifanyi mvi kuwa nyeusi. Ukiona pakiti imeandikwa hina nyeusi, ujue imetiwa kitu. Na rangi mpya hujaribiwa kwanza, tone dogo kwenye ngozi, halafu ungoje siku mbili."

Uvimbe ulichukua siku tisa kuisha. Majirani walikuwa wameshaanza kuisengenya hina yetu, na walipokuja kumjulia Bibi hali, hakunisemea.

"Waambie mwenyewe," aliniamuru.

Nikawaambia, mmoja baada ya mwingine, macho chini. Mama yake Sugna aliguna, lakini akaondoka na hina ya harusi. Jioni Bibi akaniinua kidevu.

"Ungeniambia unanionea haya, ningeumia moyo, na kesho yake ningepoa. Mtu humtilii kitu mwilini bila kumwambia, mjukuu wangu, hata kama unataka apendeze. Mwili ni wake."