Jini Aliyebaki Kwenye Simu ya Jonna

Hebu fumba macho kidogo, uione nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu, kaskazini kabisa mwa Ufini, mwezi wa Januari. Ni saa tisa alasiri na nje giza limeshaingia. Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Jikoni ameketi mtoto wa miaka mitano, anaitwa Vieno. Mgongo wake umenyooka, anakula viazi polepole, hadondoshi hata chembe. Mama yake, Jonna, anamtazama, na ameacha kula.

Maana Vieno hakuwa mtoto wa hivyo. Vieno wake alikuwa wa kupanda mezani, wa kuficha soksi za baba yake kwenye friji, wa kulia mpaka majirani wasikie akiambiwa avae kofia.

"Umeshiba?" Jonna aliuliza.

"Nimeshiba, mama. Asante kwa chakula. Naweza kwenda kuswaki sasa?"

Alisema hivyo huku akitazama dirisha jeusi, kama mtu anayesubiri aambiwe kwamba amejibu vizuri.

Mambo yalianza Desemba. Kule Krismasi ikikaribia, wazazi huwaambia watoto kwamba tonttu yuko nje. Huyo ni jini mdogo wa nyumba, mwenye kofia nyekundu, ambaye huchungulia madirishani aone nani mtiifu na nani mtundu. Mzazi hugonga kioo kwa siri, mtoto hushtuka, kisha wote hucheka. Lakini mwaka ule Jonna alikuwa amechoka. Mumewe, Esa, aliendesha lori la magogo na alirudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Basi Jonna akatafuta mtandaoni, akapata programu ya bure ya simu. Ndani yake alikaa jini mwenye kofia, ambaye huongea na kumwita mtoto kwa jina.

Programu iliomba ruhusa ya kutumia kamera, akakubali. Ikaomba kipaza sauti, akakubali. Ikaomba kuisimamia simu nzima, akakubali bila kusoma, kwa sababu uji wa mchele ulikuwa unafurika jikoni.

Ikafanya kazi vizuri mno. Kufikia Krismasi, Vieno alikuwa anavaa kofia bila kuambiwa.

Siku ya Nuutti, katikati ya Januari, watu wa huko huifukuza Krismasi kwa ufagio. Mti hutupwa nje, na majini wa madirishani huagwa. Jonna akautupa mti, akafagia, kisha akaibonyeza ile kofia nyekundu kwenye kioo cha simu na kuikokota mpaka kwenye neno "Ondoa". Kofia ikatoweka.

Jioni ile ile ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya sufu iliyolowa na maziwa yaliyoungua, ilhali jiko lilikuwa baridi. Jonna akaifuata mpaka mezani, kwenye simu. Alipoishika, ilikuwa ya moto kama kikombe cha kahawa.

"Mama," Vieno alinong'ona nyuma yake, "kwa nini umemng'olea mlango wake?"

"Nani, mwanangu?"

"Yeye. Anasema umeng'oa mlango tu. Mwenyewe yumo ndani."

Esa alipopiga simu kutoka barabarani, Jonna alimweleza kwa sauti ya chini. Esa akacheka. "Mke wangu anaogopa simu. Iingize sauna, itoke jasho mpaka iungame."

"Esa, mtoto hachezi tena."

"Ametulia. Si ndicho ulichokitaka?"

Jonna akakata simu, kwa sababu ndicho alichokitaka.

Siku zilizofuata akaizima simu, ikajiwasha. Akaitafuta programu kwenye mipangilio, akaikuta bado ipo, na kitufe cha kuiondoa kimefifia, hakibonyezeki. Alifikiria kuitupa ziwani, lakini picha zote za Vieno tangu alipozaliwa zilikuwa humo, na isitoshe barafu ya ziwa ilikuwa nene kuliko ukuta.

Kisha ikaja alasiri ambayo hataisahau. Alikuwa anakunja nguo chumbani aliposikia kioo cha dirisha la jikoni kikikwaruzwa, taratibu, kama kwa ukucha mmoja, halafu sauti nyembamba ikaita, "Vieno, mtoto mwema, njoo nikuone vizuri," na kabla hajaziweka nguo chini mlango wa nje ukafunguka na baridi ikaingia mpaka chumbani, naye akakimbia, akapita simu iliyokuwa inawaka peke yake mezani, akafika barazani, akamkuta mwanawe amesimama kwenye theluji kwa soksi, bila koti, katika baridi ya kugandisha pumzi, uso umeelekea msituni, anatabasamu kwa adabu, na mbele yake, kwenye theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga tangu asubuhi, kulikuwa na nyayo ndogo zilizokuja mpaka dirishani na hazikurudi.

"Aliniambia nikija bila kulia, nitakuwa mtoto wake," Vieno alisema ndani ya kifua cha mama yake. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

Siku ya pili Jonna alikwenda maktaba. Huko, mara moja kwa wiki, mkutubi anayeitwa Raili huweka chupa ya kahawa mezani na kuwasaidia watu simu zao. Wengi ni wazee waliopoteza picha za wajukuu. Vieno alikaa pembeni, mikono mapajani.

Raili alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. "Ulifuta picha ya mlangoni tu, ile kofia," alisema. "Na kitufe kimekataa kwa sababu ulimfanya msimamizi. Msimamizi hafukuzwi akiwa bado na funguo. Tunamnyang'anya kwanza."

Akaingia kwenye mipangilio. Akauondoa usimamizi. Akafunga ruhusa ya kamera, kisha ya kipaza sauti. Taa za maktaba zikafifia kidogo, na ile harufu ya maziwa ikapanda kati ya rafu.

"Unaisikia?" Jonna alinong'ona.

"Naisikia. Kunywa kahawa." Raili akamsogezea kikombe. Akafuta data za programu, kisha akabonyeza kitufe, na safari hii kikakubali. "Sasa makombo. Wakiondoka huacha makombo, na hurudi kuyala."

Akafungua mahali pa mafaili. Kati ya mafaili ya kawaida palikuwa na folda isiyo na jina. Ndani mlikuwa na picha nyingi. Vieno anakula. Vieno amelala. Jonna anamfokea mtoto, mdomo wazi. Raili aliendelea kushuka, mpaka akafika kwenye picha iliyoonyesha jikoni kutoka nje, kupitia kioo cha dirisha, na mezani, ndani kabisa, ilionekana simu yenyewe imelala chali.

"Hii ilipigwa na nini?" Jonna aliuliza.

Raili aliinuka, akafungua dirisha la maktaba wazi kabisa. "Mama yangu alikuwa muuguzi," alisema polepole. "Mgonjwa akikata roho, walifungua dirisha ili kinachotoka kipate njia. Sijui kama hilo linafaa kwa hawa. Mshike mtoto."

Jonna akageuka. Vieno alikuwa ameshasimama na alikuwa anatembea kuelekea dirishani, hatua ndogo ndogo, macho hayapepesi, na Jonna alipomkumbatia kiunoni, mtoto alivuta kwa nguvu isiyo ya mtoto, akisema kwa upole ule ule, "Niache, tafadhali mama, ananiita, tafadhali mama," na Raili akabonyeza neno "Futa", na mafaili yakaanza kupungua, na kila lilipotoweka moja kitu kikakwaruza chini ya meza, kikakwaruza ukutani, kikapanda, mpaka kizingiti cha dirisha kikalia kama kimekaliwa, theluji ya nje ikamwagika yenyewe kutoka kwenye paa, na pakawa kimya.

Raili akafunga dirisha. Akaizima simu, akaiwasha tena. Kifaa kilikuwa baridi.

"Nimefuta yaliyomo humu," alisema. "Zile picha zilizokwisha kutumwa nje kabla hujaja, hizo mkono wangu hauzifikii."

Jonna akaitikia kwa kichwa. Alipokuwa anamvalisha mtoto mlangoni, Vieno akaitazama kofia yake, akaitupa chini.

"Sitaki! Inawasha!"

Akajilaza sakafuni, akapiga mateke, akalia mpaka wasomaji wote wakageuka. Jonna akapiga magoti kando yake, naye akalia, hakuona haya.

Siku hiyo hiyo alinunua mapazia mazito. Mpaka leo huyafunga giza linapoingia.

Nawe, ukiishika simu yako kutaka kuondoa usichokihitaji, nakuomba kwa upole ukumbuke jambo moja: kabla ya kukifuta, kinyang'anye kwanza ruhusa uliyokipa.