Kiti Kisichokaliwa

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kupita karibu na kiti bila kukibonyeza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Kutwa alikuwa karakanani, misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi, akibandua vitambaa vikuukuu na kushindilia sponji mpya. Hata akienda ugenini, kabla salamu hazijaisha, mkono ulikuwa umeshafika kwenye kochi la mwenyeji.

"Springi imechoka hii," angesema.

Mkewe alikuwa akimfinya. Wapi! Mazoea yana taabu.

Likizo moja, binti yao mkubwa alikuwa akijiandaa kwenda shule ya bweni. Tangu aanze kuvaa miwani, baba yake alimwita Miwani. Mdogo wake, mtoto wa mwisho, walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba.

"Mke wangu, tutoke sote mara moja kabla mtoto hajaenda," Fundi alisema. "Twende makumbusho. Yako hapa hapa mjini na hatujawahi kuingia."

"Makumbusho si ya wageni na wanafunzi?" mkewe aliuliza.

"Sisi tuna kasoro gani?"

Basi wakaenda. Hawakumuuliza mtu lolote. Walifika jua la utosi, Kitinda analia njaa. Makumbusho yalikuwa jumba la kale la tajiri mmoja wa zamani. Walipita mapokezi bila kusimama, wakaingia chumba hiki, wakatoka, wakaingia kile. Hawakujua wanatazama nini.

Katika chumba cha mwisho, Fundi alisimama ghafla. Mbele yake palikuwa na kiti kikubwa cha mahameli nyekundu. Mbele ya kiti palifungwa kamba ya kuzuia watu. Fundi hakuiona kamba. Aliona kiti tu. Aliinua mguu, akavuka.

"Baba!" Miwani alinong'ona.

"Natazama springi tu, mwanangu."

Alibonyeza. Kisha akageuka, akaketi.

Krrr! Mahameli ikapasuka kwenye mshono.

"Mzee, inuka!" Mlinzi alikuja mbio. "Kiti hicho kina umri mkubwa kuliko babu yako!"

Watu wakageuka. Wanafunzi wakacheka, na mmoja wao akatoa simu akapiga picha. Familia nzima ikasindikizwa hadi mlangoni.

"Baba, tumefukuzwa?" Kitinda aliuliza kwa sauti kubwa.

Jioni Fundi alikuwa akipita nje ya dirisha la jikoni. Alimsikia Miwani akisema na mama yake huku wakiosha vyombo.

"Mama, siku ya wazazi shuleni, uje wewe. Baba abaki tu."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Alikula matonge mawili, akasema ameshiba.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, jirani yao alipita karakanani. Watoto wa mtaa walimwita Mama Funguo, kwa sababu funguo zililia kiunoni mwake kila alipopita. Kazi yake ilikuwa kutunza vitu vya kale pale makumbusho.

"Jirani, jana nilikuwa mapumziko," alisema. "Leo nimekuta jumba zima linakusimulia wewe."

"Nizike tu, jirani. Nimekiharibu kiti?"

"Mshono umeachia. Tutaushona. Lakini nisikilize. Mikono yetu ina jasho na mafuta. Wewe huyaoni, ila kitambaa cha kale kinayajua. Akigusa mmoja, hutaona kitu. Wakigusa watu mia, kitambaa kimekwisha, na wajukuu wetu hawatakiona. Ndiyo maana tunafunga kamba."

"Mimi macho yangu yako vidoleni," Fundi alisema.

"Basi ungesema! Kuuliza si ujinga. Pale mapokezi wapo watu wa kuulizwa. Tena kipo chumba cha vitu vya kushika. Tumevitengeneza makusudi ili watu wavishike."

"Kumbe!"

"Kumbe nini? Mlipita kama mnafukuzwa! Safari nyingine pigeni simu kwanza, mjue siku na saa za kufungua. Njooni asubuhi, mkiwa mmekula. Msitake kuona vyote. Chagueni vyumba viwili, mtazame taratibu, mwulize. Mtoto akichoka, bustani ipo, apumzike."

Fundi aliinamisha kichwa. "Miwani hatakubali kwenda nami tena."

"Umemwomba?"

Fundi hakuwa amemwomba. Alikuwa akiogopa. Lakini mchana huo aliweka nyundo chini, akamfuata binti yake uani.

"Mwanangu, jana nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

Miwani alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kumsikia baba yake akisema hivyo.

"Yameisha, baba," alisema polepole. "Twende tena. Lakini mikono mgongoni!"

"Ukitaka, ifunge hata kwa kamba."

Safari hii walipiga simu kwanza. Walikwenda asubuhi, wamekunywa chai na mkate, na Kitinda alikuwa akiimba njiani. Fundi alikwenda moja kwa moja kwa mlinzi, akamwomba radhi. Mlinzi akacheka.

"Karibu, mzee. Leo umekuja kuketi au kutazama?"

"Kutazama tu, ndugu yangu!"

Alisimama mbele ya kiti, mikono mgongoni. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ndani walijaza nini? Enzi hizo sponji ilikuwa haijaja."

Mlinzi akamwita Mama Funguo. Naye akawapeleka chumba cha vitu vya kushika. Humo mlikuwa na kiti cha mfano, kimekatwa katikati ili tumbo lake lionekane.

"Haya, Fundi. Hapa ruksa," alisema.

Fundi alitia mikono ndani. Alishika nyasi kavu, sufi na manyoya ya farasi. Kisha vidole vikafika kwenye kamba za springi, vikatulia.

"Miwani, njoo uone! Fundo hili nalifunga mimi kila siku. Nilifundishwa na mwalimu wangu wa kazi. Kumbe watu walikuwa wakilifunga tangu zamani zote hizo!"

Miwani aliinama, akasogeza miwani yake.

"Kwa nini kamba zinapishana, baba?"

"Ili uzito ugawanyike. Springi moja isibebeshwe mzigo wa wenzake."

Wanafunzi waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Fundi akaeleza tena, kwa furaha, mikono ikicheza. Kitinda akajaribu kufunga fundo, akafunga na kidole chake mwenyewe. Ilibidi mama yake amfungue, na wote wakacheka. Miwani akauliza swali jingine, na jingine. Alikuwa amekua katika nyumba ya fundi makochi, na hakuwahi kuuliza hata moja.

Baadaye walikaa bustanini, wakala mayai ya kuchemsha na mkate. Miwani alimenya yai, akampa baba yake.

"Baba, siku ya wazazi shuleni, mje wote wawili."

Fundi akaliweka yai chini. "Hata mimi?"

"Wewe hasa. Nataka rafiki zangu wakujue." Miwani akatabasamu. "Lakini tukifika ofisini kwa mwalimu mkuu, tafadhali, ngoja kwanza uambiwe keti."