Kamba Ambayo Haikuwepo

Koplo alikuwa mkunja miavuli jeshini. Si miavuli ya mvua, bali ile ambayo askari huvaa wakiruka kutoka kwenye ndege. Aliikunja juu ya meza ndefu, pindo juu ya pindo. Mwavuli uliokunjwa vibaya haufunguki, na aliyeuvaa haponi.

Mazoezi yalipoongezeka, mchana alikunja, usiku alilinda lango. Nyumbani akawa anamimina chai nje ya kikombe.

“Baba watoto, meza haikuomba chai,” mkewe alimtania.

Zamani angecheka. Sasa alifoka.

“Umechoka,” mkewe alisema.

“Askari hachoki.”

Asubuhi moja sajini wake, mwanamke mkaguzi asiyeharakishwa na mtu, alimwita mezani.

“Koplo, kagua mwavuli wako.”

“Uko sawa, afande.”

“Kamba ya kufungia iko wapi?”

“Hii hapa, naiona.”

“Iguse.”

Koplo alinyoosha kidole. Kikagusa kitambaa kitupu. Aliinama karibu zaidi. Kamba haikuwepo.

“Afande, nimeona kitu ambacho hakipo.”

“Nenda kwa daktari wa kikosi. Mwavuli huu hauruki.”

Daktari hakushangaa. “Kamba hiyo umeizoea mno. Akili iliyochoka hukujazia ilichozoea kuona. Tena haikwambii.”

“Kwa hiyo si uvivu?”

“Uvivu umeingiaje hapa? Bega likichoka huuma. Akili ikichoka husahau, hukasirika, hukosea, na bado hujiona nzima. Msikilize anayekuona. Nyumbani hawakusema?”

Koplo alikuna kichwa. “Mke wangu alisema.”

“Basi aliniwahi. Lala usiku mzima. Pumzika katikati ya kazi. Kahawa huficha uchovu, haiuondoi. Ukilala vya kutosha na hali isibadilike, au ukiona maisha hayana maana, rudi kwangu mapema.”

Sajini aliwaondoa wakunjaji wote kwenye ulinzi wa usiku. Akaagiza kila kamba iguswe na mtu wa pili, na aliyechoka aseme.

Wa kwanza kusema alikuwa koplo. “Afande, kichwa kimegoma. Huu aukunje mwingine.”

Sajini aliuhamishia mwavuli meza ya jirani. “Haya, kapumzike.” Hakuna aliyecheka.

Siku ya kuruka, familia ziliruhusiwa uwanjani. Ndege ilipita. Nukta nyeusi zikadondoka. Koplo alizihesabu. Kisha anga ikachanua, mwavuli baada ya mwavuli, hadi wa mwisho.

Mkewe alimshika mkono. “Kumbe kazi yako ndiyo hii,” alisema kwa sauti ndogo, macho yakiwa bado juu.