Taulo za Rimu

Jumamosi ya msimu wa kakao, stendi ya Kyela haina pa kukanyaga. Bajaji zinapigiana honi, wauza ndizi wanaita wateja, na magari yaliyotoka Ikolo na Mwaya yanaingia yametapakaa tope mpaka madirishani. Katikati ya vurugu hiyo Tusajigwe alikuwa akivuka barabara na furushi la shuka safi za nyumba ya wageni, kitenge cha njano kimemkaa vizuri kiunoni. Mara bomba la kuoshea magari likamteleza kijana mmoja mkononi, na maji yakamlowesha Tusajigwe kuanzia kifuani hadi magotini.

"Mwe! Wewe huna macho?"

"Dada, samahani! Samahani sana." Kijana alizima mashine, akakimbilia furushi lililoanguka. Alikuwa mrefu, amevaa buti za mpira na fulana ya kijani iliyombana mabegani. "Naitwa Ambilikile. Ukitaka kunipiga, nipige tu."

Tusajigwe alitaka kweli kumpiga. Lakini alikuwa dobi, na macho yake yakaangukia taulo za kukaushia magari zilizotundikwa kwenye senyenge. Moja ilikuwa imedondoka mchangani. Nyingine ilikuwa na grisi.

"Hizo ndizo unazofutia magari ya watu?"

"Zina nini?"

"Zina mchanga, baba. Unawapigia watu msasa halafu wanakwambia ahsante."

Ambilikile alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi nifundishe, mwalimu."

Akamfundisha. Kuanzia siku ile taulo za Ambilikile zilifuliwa kwa Tusajigwe. Za bodi zilikuwa na beseni lake na za rimu za magurudumu beseni lake, kwa sababu vumbi la breki ni unga wa chuma na halitoki kirahisi. Ili zisichanganyike, za rimu alizishonea uzi mwekundu kwenye pembe. Glavu ya manyoya ya kuoshea ilisuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Dawa ya kulainisha nguo haikuruhusiwa hata tone, maana huziba nyuzi na taulo ikaacha kunywa maji. Kila kitu kilianikwa kwenye kamba, kivulini.

Mapenzi yaliingia humohumo kwenye mabeseni.

"Umekula, kipenzi?" Ambilikile alikuwa akipiga simu mchana.

"Nitapikia wapi, wakati taulo zako zimejaa nyumba nzima?"

"Basi hamia kwangu, zipate nafasi."

"Kwako kuna nini, zaidi ya ndoo?"

"Kuna mimi."

Jumapili moja walikwenda Matema, ufukweni mwa ziwa. Walikaa kwenye mchanga, milima imewasimamia nyuma kama ukuta, wakala samaki kwa mikono huku ziwa likiwalowesha vidole vya miguu. Hapo Ambilikile akasema kwamba mpunga ukishavunwa atakwenda Mwaya kujitambulisha kwa mama mkwe. Tusajigwe alirudi nyumbani anaimba.

Wiki iliyofuata shangazi yake Ambilikile alifika kutoka Mbeya. Jina lake Eufrasia, mfanyabiashara wa kakao, na ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Alishuka kwenye gari jipya jeusi, palepale pa kuoshea magari, kilemba cha dhahabu kichwani, akifuatana na binti mzuri wa ngozi laini aitwaye Doreen, muuguzi. Wakati huohuo Tusajigwe akaingia na beseni la taulo safi.

"Na huyu binti ni nani?" shangazi aliuliza.

Ambilikile alimtazama shangazi, akamtazama Doreen.

"Huyu? Huyu ni dobi wangu tu, shangazi."

Tusajigwe alitua beseni polepole. "Shikamoo, mama," alisema. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Simu iliita mpaka betri ikakaribia kuisha. Kesho yake ndipo akapokea.

"Haloo, hapa kwa dobi."

"Tusa, mpenzi, nisikilize. Nilishikwa na woga. Shangazi alikuja na mipango yake ya kuniozesha Doreen, mimi..."

"Una taulo chafu?"

"Tusa!"

"Kama huna taulo chafu, usinipigie."

"Ninazo. Lakini Jumamosi naosha gari la shangazi, na siku hiyo nataka..."

"Nimesikia. Zilete, zitakuwa tayari."

Akakata simu. Hakutaka kusikia yaliyobaki. Alichosikia kilimtosha: gari la shangazi, jeusi, jipya, linalong'aa kama kioo.

Taulo zilipofika, alijifungia ndani, akachukua wembe. Alikata nyuzi nyekundu moja baada ya nyingine, huku akiimba pambio la kwaya. Akazitumbukiza zote beseni moja, za rimu na za bodi, akazivuruga kwa mti. Glavu ya manyoya akaisugulia kwenye vumbi jeusi lililotuama chini ya beseni, mpaka chembe za chuma zikajificha ndani kabisa. Mwisho akamimina dawa ya kulainisha yenye harufu ya maua, nusu chupa. Hakuwahi kukunja taulo kwa upendo namna ile.

Jumamosi alivaa gauni jekundu, akasuka nywele upya, akaenda kukaa kwenye kibanda cha soda mkabala na sehemu ya kuoshea magari. Aliagiza soda baridi. Alitaka kuona vizuri.

Ambilikile alianza na boneti, akizungusha glavu kama alivyofundishwa. Akasuuza. Akatandaza taulo, akaivuta. Maji hayakunywewa, yalisukumwa tu yakaacha michirizi. Alichukua taulo nyingine, ikawa vilevile. Akaisogeza puani. Akashika pembe yake, akaona matundu ya sindano mahali uzi ulipokuwa. Kisha akainua uso, akatazama ng'ambo ya barabara.

Tusajigwe alimwinulia chupa ya soda.

Jua lilipopiga boneti, mikwaruzo ilijitokeza yote, duara juu ya duara.

"Ambilikile! Gari langu!" Shangazi alikuja akikimbia, kilemba kikimwegemea sikioni. Wateja wote waligeuka. "Nani amefua haya matambara? Ni yule dobi wako? Niambie jina lake!"

Hilo ndilo Tusajigwe alilokuwa akilisubiri. Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Amtaje tu, aone.

"Ni mimi, shangazi," Ambilikile alisema. "Nilichanganya taulo za rimu na za bodi. Kosa langu."

"Mtu mzima hujui hata kufua taulo! Bure kabisa wewe!"

Akatukanwa mbele ya watu, kichwa chini, wala hakunyoosha kidole. Tusajigwe aliitua chupa ya soda mezani. Kisasi chake mwenyewe, na mwanamume huyu anakimeza peke yake! Hasira zilimpanda maradufu. Alivuka barabara bila kutazama bajaji.

"Anadanganya, mama. Ni mimi, na nimefanya kwa makusudi."

"Wewe si yule dobi? Kwani wewe ni nani kwake?"

Tusajigwe alimgeukia Ambilikile. "Mjibu."

Ambilikile aliiweka taulo chini. "Huyu ni Tusajigwe, shangazi. Ndiye ninayetaka kumuoa. Siku ile nilimkana kwa woga. Leo nilikuita hapa ili nikwambie ukweli, lakini yeye hakunipa nafasi nimalize hata sentensi."

Doreen, aliyekuja nyuma ya shangazi, akapaza sauti. "Afadhali! Mama, mimi nina mchumba wangu, yuko Tunduma. Sikujua nianzie wapi kukwambia."

Shangazi alipitisha kidole juu ya boneti iliyochubuka.

"Umeniharibia gari kwa sababu ya neno moja?"

"Kwa sababu ya neno moja, mama."

Shangazi aliondoa mkono kwenye boneti. "Marehemu mume wangu aliwahi kuniita mpishi wake mbele ya wageni," alisema. "Alikula chakula kilichojaa chumvi mpaka akaomba radhi kanisani." Akaweka kilemba sawa. "Gari mtalirudisha lilivyokuwa. Nyie wawili."

Walilisugua kwa dawa ya kung'arisha, mlango kwa mlango, siku baada ya siku. Taulo, Tusajigwe alizichemsha kwenye maji yenye siki mpaka zikaanza tena kunywa maji. Ambilikile aliongea, alibembeleza, alitania. Tusajigwe alijibu neno moja tu: "Usikandamize." Akamtuma abebe shuka za nyumba ya wageni kichwani, katikati ya soko. Alizibeba, watu wakacheka, naye akawapungia mkono.

Alasiri moja akapiga simu.

"Tusa, nimechoka kuadhibiwa. Niambie, nije Mwaya kwa mama, au nisije?"

Tusajigwe alifungua spika ya simu, akaiweka mezani, akachukua pasi. Akanyoosha shuka. Akanyoosha foronya zake.

"Uko hapo?" simu iliuliza.

"Niko kazini."

Akanyoosha shuka nyingine.

"Mwambie shangazi yako aje mwenyewe," alisema mwishowe. "Akae kwenye mkeka wa mama, aseme kwa mdomo wake amekuja kuleta posa. Wewe utakaa mlangoni, kimya."

"Kimya kabisa?"

"Ukitoa neno, naghairi."

Upande wa pili kulisikika minong'ono, kisha simu ikanyang'anywa.

"Tunakuja Alhamisi," sauti ya shangazi ilisema. "Ila kwenye mkeka sikai. Nina magoti mabovu."

Tusajigwe aliuma mdomo ili asicheke, lakini kicheko kikamponyoka.

"Kiti kitakuwepo, shangazi," alisema, akazima pasi.