Kicheko cha Bandani

Kifufuapicha, mashine ya kufufua filamu za zamani, hakikusoma diski, kiliiunguza. Mwanga wake mwembamba ulipita juu ya plastiki iliyochakaa, ukanyofoa kila chembe ya picha, na nyuma yake likabaki jivu. Hapo hakuna kurudia. Lakini picha iliyotoka, jamani! Mpiganaji wa Kichina wa filamu ya miaka sitini iliyopita alisimama katikati ya darasa pale Mbeya, jasho likimtiririka, utadhani ukinyoosha mkono utamgusa.

Dk. Bupe alipiga makofi. Alifundisha sinema na maisha ya watu waliozitazama, na kwa miaka minne alikuwa akisaka diski za mabanda ya video ya zamani. Mwenye diski hii, Mzee Ambakisye, alikuwa amekaa nyuma ya wanafunzi. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wa banda: filamu inakwenda, yeye kashika kipaza sauti, anawasemea wote, shujaa na adui, kwa Kiswahili cha mtaani. Diski yake ilirekodiwa humo humo, watu wakiwa wamejaa. Tangu afanyiwe upasuaji wa koo hakuwa tena na sauti. Alikuwa akiandika kwenye kibao.

Sasa akaandika: "Mbona kimya?"

Bupe akaigeukia mashine. "Sauti ziko wapi?"

"Nimezisafisha, Daktari," Kifufuapicha kikajibu kwa adabu. "Kulikuwa na mtu anapiga kelele juu ya filamu, na watu wanacheka. Ulisema unataka filamu safi."

Kweli alisema. Yeye anayefundisha maisha ya watazamaji ndiye aliyeagiza watazamaji wafutwe, tena kwa kinywa chake mwenyewe!

"Zirudishe."

"Hazipo tena. Diski yote imeshakuwa jivu."

Bupe akapiga magoti mbele ya mzee, wanafunzi wote wakimwangalia. "Baba, nimekosa. Naomba unisamehe. Tunaweza kutunga sauti inayofanana na yako..."

Mzee akatikisa kichwa, akaandika taratibu: "Yangu si kitu. Sekela alikuwa anauza chai mlangoni. Nilimposa kwa mdomo wa huyo Mchina, banda zima likasikia. Yeye akacheka. Nilikuja kusikia kicheko chake. Mwaka wa sita huu tangu nimzike."

Bupe alilia, wala hakujificha. Alitaka kuizima filamu, lakini mzee akamzuia kwa mkono.

Mpiganaji alipoinua upanga wake, Mzee Ambakisye akasimama. Midomo yake ikaanza kwenda, haraka haraka, pamoja na midomo ya yule Mchina. Mabega yakacheza, kidole kikaelekea mlangoni. Mwanafunzi mmoja akageuza kiti kumtazama, kisha wa pili, mwisho darasa zima likaipa filamu mgongo.

Midomo ikasimama. Mzee akautazama mlango, akangoja kama sekunde tatu hivi, muda ambao Sekela alicheka, ndipo akaendelea.