Dirisha Lisilosubiri

Walikutana kwenye foleni ya duka la vipuri vya simu, saa ya msongamano, pale kijana mmoja alipoukanyaga upindo wa gauni la manjano la fundi cherehani mwenye ulimi mkali.

"Kaka, hili ni gauni, si zulia!"

"Samahani, dada. Nitakufidia kwa kazi. Mimi naandika programu za kompyuta."

"Haya, niandikie ya kutunza vipimo vya wateja wangu," fundi akasema, akicheka bila kupenda.

Mapenzi ndiyo hayo, mengine huanza kwa ugomvi. Muda si muda wakawa chanda na pete, simu haziwatoki masikioni, fundi akambandika kijana wake jina la Mtundu.

Programu ilipokuwa tayari, Mtundu akamtumia. "Ifungue, kipenzi. Halafu unijibu."

Fundi aliifungua kwenye kompyuta ya dukani kwake, mbele ya shangazi yake, aliyemlea, na ambaye bila ridhaa yake asingeweza kuposwa. Dirisha jeupe likachomoza kwenye kioo, kufumba na kufumbua likatoweka. Akabonyeza tena. Likatoweka tena.

"Huyu ndiye mtaalamu wako?" shangazi akaguna. "Kazi yake haikai, yeye atakaa?"

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Simu ikalia, hakupokea. Kesho yake alipopokea, sauti ya Mtundu ilikuwa chini.

"Nimekuelewa. Kimya chako ni jibu tosha."

"Jibu la nini? Umenitumia takataka, ukaniumbua mbele ya shangazi!"

"Kwani hukusoma?"

"Nisome nini, na limejifunga kabla sijapepesa macho?"

Haukupita muda akaingia dukani anahema, vifungo vya shati vimepishana. Shangazi aliitikia shikamoo yake kwa shingo upande. Mtundu akaketi kwenye kompyuta, akashika kichwa. Dirisha alikuwa ameliunda, akaliandikia maneno, akaliamuru lijionyeshe. Mstari wa mwisho tu, ule wa kuiambia programu isubiri mpaka mtu alifunge, ndio aliousahau.

"Nilipokuwa naandika, nilikuwa nawaza jibu lako tu," akakiri.

Akauongeza. Dirisha likafunguka, likatulia. Lilikuwa na swali moja, "Nikuoe?", na chini yake kitufe kimoja: Ndiyo.

"Na cha Hapana kiko wapi?" fundi akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Hicho sikuthubutu kukiunda."

Fundi akamgeukia shangazi. Shangazi akavaa miwani, akalisoma lile swali taratibu, kisha akangoja aone kama litakimbia. Halikukimbia.

"Bonyeza, mwanangu," akasema. "Limekaa."